Kupima mabadiliko ya ngozi ya pweza kwenye video

Kaka, hizo video za pweza ulizoletewa Moshi kutoka Tanga, rangi kutofautiana kila kipande ni kazi ya kamera. Urekebishaji wa rangi ukiachwa otomatiki, pweza akipauka kamera nayo inajirekebisha, na unaishia kuipima kamera. Mpigaji aufunge, kisha arekodi kadi ya kijivu ya kulinganishia rangi kwenye kina kilekile, maana wekundu hupotea mapema majini.

Ulizonazo bado zinafaa. Zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, upime mng'ao wa ngozi kwa ImageJ, programu ya kompyuta ya kupima picha, ni bure. Pweza mwenyewe ana aina moja tu ya seli za kupokea mwanga, kwa hiyo weusi na weupe unabeba habari nyingi.

Kuchukua fremu moja kila sekunde hakutoshi. Vifuko vya rangi huvutwa na misuli inayoamriwa na neva moja kwa moja, hivyo ngozi hugeuka chini ya sekunde. Kinyonga wa hapo bustanini ni mzito zaidi. Penye mabadiliko pita fremu kwa fremu, uandike: rangi moja, madoadoa au mabaka makubwa. Vinundu vya ngozi viwe na safu yake kwenye jedwali lako, kwa sababu vinaweza kuinuka rangi ikibaki vilevile.

Akipauka, akatanda utando ulio kati ya mikono yake na macho kuzungukwa na weusi, anamtisha mpigaji. Hizo usizihesabu kama kujificha.

Mpe mwenzako baadhi ya fremu aziainishe bila kuona majibu yako. Mpaka wa madoadoa na mabaka unabishaniwa sana.