Mbu, Mbung'o na Pua ya Nzohe

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: mtu atajikinga vipi na wadudu wanaouma bila kumfukuza mnyama kwa harufu? Nimechagua chache. Waliouliza "dawa gani ni bora" bila kusema wanakwenda wapi, saa ngapi, na wanamvizia mnyama gani, wataniwia radhi. Hilo nimelijibu mpaka kalamu imechoka.

Mwalimu, mwaka jana nilikaa jukwaani Saiwa kwa muda wa saa tatu nikisubiri kumpiga picha nzohe, yule swala wa kinamasini. Mbu walinila, nzohe sikumwona. Kuna dawa ya mbu isiyo na harufu kabisa? – Msomaji, Kitale

Isiyonuka kwa pua yako, ipo. Kwa pua ya nzohe, hakuna. Dawa zenye ikaridini hazinuki sana na hazidhuru vifaa. Zenye DEET nazo hukinga vizuri, ila zinakula plastiki. Darubini yangu ya kwanza niliishika na viganja vilivyolowa dawa hiyo, na hadi leo mpira wake unanata kama chingamu iliyotafunwa. Ukitumia DEET, paka kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja.

Lakini dawa ndiyo iwe swali lako la mwisho. Mnaanza nayo kwa sababu inauzwa dukani. Upepo hauuzwi, basi hakuna anayeuliza habari zake.

Saiwa ni bonde lenye kinamasi katikati. Hifadhi yenyewe ni kama kilomita tatu tu za mraba, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa hapa Kenya, na ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya huyo huyo nzohe. Gari haliingii, watu hutembea kwa miguu. Sasa fikiria alfajiri. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka kutoka miinuko ya mashamba, hujikusanya kinamasini, kisha hufuata mkondo wa maji polepole. Na wewe unateremka kwa njia iyo hiyo saa kumi na mbili asubuhi, umeoga sabuni ya kunukia, umepaka losheni, umejipulizia na marashi kana kwamba unakwenda kutoa mahari. Kabla hujafika kwenye ngazi ya jukwaa, harufu yako imeshabisha hodi. Nzohe akikunusa si lazima atimue mbio. Anaweza kujizamisha majini na kuacha pua tu nje, kimya, mpaka uchoke. Huenda ulikaa naye muda wote huo, yeye akijua uko wapi na wewe ukitazama mafunjo.

Kwa hiyo asubuhi na mapema tafuta kukaa upande wa chini wa mkondo, hewa itoke kwa mnyama ije kwako. Jua likishapasha miteremko, hewa hugeuka na kuanza kupanda, nawe ujue mambo yamebadilika. Usikisie. Chukua soksi kuukuu, itie majivu yaliyochekechwa, itikise kidogo uone vumbi linaelekea wapi. Pima kila nusu saa.

Mbu wanabaki. Wao huifuata pumzi unayotoa, na pumzi huwezi kuizuia, kwa hiyo funika ngozi badala ya kuipaka. Vaa shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, lililolegea, kwa sababu nguo inayobana mbu huichoma akakufikia. Nguo hizo unaweza kuzinyunyizia permethrini, dawa ya kuua wadudu, siku moja au mbili kabla, ukiwa nje ya nyumba, na kuziacha kambani hadi zikauke kabisa. Zikikauka harufu huisha na dawa hubaki kwenye nyuzi. Si dawa ya ngozi. Ikiwa mbichi ni sumu kwa paka, na samaki huwaua, kwa hiyo asionekane mtu akifua shati lake mtoni. Usoni na mikononi paka dawa ya ngozi, kidogo tu.

Na kwa vile najua wasomaji wangu, permethrini ya nguo ni ile iliyoandikwa kwamba ni ya nguo. Dawa ya kupe unayonunua agroveti kwa ajili ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Msomaji mmoja aliwahi kuniandikia akijisifu kwamba amelowekea suruali yake humo. Sikumjibu kwa maneno yanayochapishika.

Sami wa ziwani wananiuma kila jioni. Nifanyeje? – Msomaji, Kisumu

Sami, wale wadudu wadogo wanaoruka makundi makundi ziwani, hawaumi. Aliyekuuma ni mbu aliyekuwa kati yao, na kandokando ya ziwa malaria si hadithi, kwa hiyo lala ndani ya chandarua.

Tuliingia Ruma kumtafuta korongo, yule swala mkubwa. Nilijipaka dawa toka kisigino hadi utosi, lakini mbung'o walituchoma vibaya. Je, niliuziwa dawa bandia? – Msomaji, Homa Bay

Ulivaa nguo ya rangi gani? Hukusema, nami nakisia: jinzi ya buluu na fulana nyeusi.

Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu ndizo rangi zinazomvuta. Ulikwenda bonde la Lambwe, iliko Ruma, ukiwa umevaa mtego. Dawa yako pengine ni halali kabisa, ila dawa ambazo mbu huziogopa hazimtishi sana mbung'o, na kitambaa chepesi anakitoboa. Vaa kaki au kijani kilichofifia, kitambaa kizito, mikono mirefu. Yeye huuma mchana kweupe, kwa hiyo usingoje jioni ndipo ujifunike. Tena hufuata kitu kikubwa kinachosogea, na gari lenu kwake halina tofauti na nyati. Pandisheni vioo mnapokwenda. Mkisimama, subirini kidogo kabla ya kufungua mlango.

Usimchukie kupita kiasi. Bonde la Lambwe lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, na korongo wa Ruma ndio pekee waliobaki porini nchini Kenya. Mbung'o amechangia kuzuia jembe na ng'ombe wasilimeze bonde hilo zima. Lakini bei yake watu waliilipa. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, iliwahi kuua huko, na mapema miaka ya 1980 kulikuwa na mlipuko ambao wazee wa Lambwe bado wanaukumbuka. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Hiyo ni habari njema, si ruhusa ya kuzembea. Ukiona kidonda mahali ulipoumwa, au homa isiyoisha na tezi za shingo kuvimba, nenda hospitali, na umwambie daktari ulikuwa Ruma. Usipomwambia atatafuta malaria, na asipoiona anaweza kukurudisha nyumbani.

Babu yangu alikuwa akijipaka mkojo na samadi ya ng'ombe ili wanyama wasimnuse. Niige? – Msomaji, Bungoma

Babu alikuwa na akili. Mnyama aliyezoea kuona ng'ombe hashtuki sana kwa harufu ya ng'ombe. Lakini mkojo huo huo wa ng'ombe ndio huwekwa kwenye chupa karibu na mitego ya mbung'o, ili umvute kutoka mbali. Ukiingia nao Ruma utapata wageni wengi, ila si wale uliowafuata. Kwingineko ni hiari yako na ya abiria wenzako kwenye matatu.

Kula vitunguu saumu au vidonge vya vitamini B kunafukuza mbu? – Msomaji, Busia

Hapana.

Ni dawa gani isiyonuka nitumie nikipiga picha za kuro katika hifadhi ya Ziwa Nakuru? – Msomaji, Nakuru

Ndugu yangu, pale uko ndani ya gari, na hairuhusiwi kushuka ila mahali palipotengwa. Kuro wa Nakuru wamezoea magari kuliko askari wa barabarani. Paka unachotaka, mradi usikishike kioo cha kamera kwa vidole vyenye dawa. Wanaotaka kujifunza kunyata waende wanakotembea kwa miguu.

Nikienda na mtoto wa mwezi mmoja nimpake dawa gani? – Mama, Vihiga

Usimpake yoyote dada yangu. Chini ya miezi miwili, mtoto hufunikwa kwa chandarua. Hata hivyo afadhali umwache nyumbani na nyanya yake, akilia ataondoa wanyama wote.

Binamu yangu yuko Minnesota na huwinda kulungu kwa upinde. Amenitumia chupa ya dawa ya kuua harufu ya mwili. Itanifaa nikienda na mbwa kutafuta paa? – Msomaji, Kakamega

Binamu yako ana kibali, ana msimu uliopangwa, na sheria ya huko inamruhusu. Msimu wa upinde kwao hufunguliwa katikati ya Septemba, mbu wakiwa bado wako, ndiyo maana wawindaji wa Marekani wamelichimba sana suala hili. Wanafua nguo kwa sabuni isiyonukia, wanazinyunyizia permethrini mapema, na wanaketi juu ya mti upepo ukiwapiga usoni. Permethrini wanaitumia pia kwa hofu ya kupe, kwa sababu kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme. Yote hayo unaweza kuyaiga ukiwa na kamera.

Wewe huna kibali na hutakipata. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa. Barua ya aina hii huniijia kila mwezi, na kila mwandishi hudhani yeye amebuni njia mpya ya kuuliza. Chupa hiyo haiondoi harufu ya mbwa wako, wala haitamzuia askari wa wanyamapori wa KWS kukuona. Mwachie binamu mambo yake.

Siafu katika msitu wa Kakamega: dawa ya mbu inawazuia? – Msomaji, Shinyalu

Haiwazuii. Wewe ni mwenyeji na unaniuliza mimi? Ingiza suruali ndani ya soksi, vaa gambuti, na usisimame ukitazama tumbili juu bila kuangalia chini kwanza. Ukiona mstari mweusi unakatiza njia, uruke, na usogee hatua kumi kabla ya kutoa kamera.