Nimehamia Python 3, majina ya wakulima yanafika yamekatika

SWALI: Habari mwalimu. Natunza skripti mbili za ghala la mpunga hapa Ahero. Moja iko kwenye kompyuta ya mizani, nyingine kwenye seva ofisini Kisumu mjini. Ziliandikwa kwa lugha ya programu ya Python, toleo la 2.7, na sasa mashine zote mbili zina 3.12. Nilirekebisha print zote, lakini klaienti (skripti ya mizani, inayotuma) ikagoma: "a bytes-like object is required, not 'str'". Nilipoongeza encode (amri ya kugeuza matini kuwa baiti) ilikubali kutuma, ila baadhi ya majina yanafika nusu. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vyema kuhama, maana 2.7 iliachwa na watengenezaji wake tangu 2020. Kosa lile lililokugomea lilikusaidia. La kuogopa ni hili linalokata majina, kwa sababu linapita kimya.

Zamani matini na baiti vilikuwa kitu kimoja. Python 3 imevitenganisha, na soketi, yaani njia ya mtandao kati ya programu mbili, hubeba baiti tu. Chukua jina Nyang’oma. Karani akilinakili kutoka Word, ritifaa yake (’) huwa ile iliyopinda, ambayo katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, inakula baiti 3. Jina lina alama 9, lakini baiti 11. Bila shaka klaienti yako hutanguliza urefu wa ujumbe, kisha ujumbe wenyewe. Ukipima urefu kabla ya encode unapata 9. Seva inasoma baiti 9, inapata "Nyang’o", na "ma" inabaki njiani ichafue ujumbe wa mkulima anayefuata. Kwa hiyo encode kwanza, ndipo upime len (urefu) ya zile baiti.

Upande wa seva, recv (amri ya kupokea) inaweza kukupa pungufu ya ulichoomba. Kusanya mpaka urefu utimie, kisha decode (rudisha baiti kuwa matini) mara moja. Ukifanya decode kipande kwa kipande, siku moja utaikata ile ritifaa katikati na programu itaanguka.

Kagua pia mahali klaienti inaposubiri jibu. b'OK' (baiti) na 'OK' (matini) haziwi sawa kamwe. Python inarudisha False bila kulalamika, na klaienti inaweza kutuma mzigo uleule tena na tena. Mkulima mmoja ataandikiwa magunia mara tatu, na atakayeulizwa ni wewe. Wakati wa majaribio endesha kwa python3 -bb, ulinganisho wa namna hiyo utageuka kosa la wazi.

Kugawanya nako kumebadilika: 250/100 ilikuwa 2, sasa ni 2.5. Kwa magunia kamili tumia //. Na kama ulikuwa na ssl.wrap_socket ya kulinda mawasiliano kwa usimbaji, haimo tena katika 3.12, tumia SSLContext.

Usitegemee 2to3, zana ya kugeuza msimbo wa Python 2 kuwa wa 3, ikumalizie kazi. Inabadilisha print na majina ya moduli, lakini haiwezi kujua ni matini ipi yako inayoelekea kwenye soketi.

Una mizani nyingine ambayo bado iko kwenye 2.7? Iache kwanza. Mradi mpangilio wa baiti haujabadilika, itaongea na seva mpya, isipokuwa kama mnatumiana pickle (muundo wa Python wa kufungasha data): 3.12 huandika kwa protokali 4, na Python 2 inaishia 2. Hapo hamieni JSON, muundo wa data wa maandishi ya kawaida. Tena pickle inayotoka kwenye mtandao inaweza kuendesha amri yoyote ndani ya seva yako.

Washa seva mpya kwenye poti (namba ya mlango wa mtandao) tofauti, uitumie Nyang’oma, Ong’ayo na Ang’awa mfululizo. Yakifika yote matatu kamili, badilisha poti kwenye mizani.