Maswali ya Wasomaji: Hifadhidata Iliyotoweka Umeme Ulipokatika

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kompyuta za ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Hifadhidata yetu ya PostgreSQL imo ndani ya kontena (kifurushi cha programu, si kontena la mizigo), kwenye seva tatu zinazoendeshwa kwa Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena ya aina hiyo. Umeme ulipokatika juma lililopita, kontena liliwashwa upya likiwa tupu, na rekodi za mizigo zikatoweka. Je, kuna programu huria itakayotukinga? Bajeti yetu ni ndogo. Msomaji, Ganjoni.

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Hiyo si hitilafu ya Kubernetes, kwani kila kinachoandikwa ndani ya kontena hukaa kwenye tabaka la muda ambalo hufutwa kontena hilo linapoondolewa na jingine kushika nafasi yake. Data inayotakiwa kudumu ni sharti iwekwe kwenye voliumu, yaani sehemu ya hifadhi iliyo nje ya kontena, ambayo programu huipata kwa kuwasilisha dai la hifadhi (ombi la nafasi liitwalo PersistentVolumeClaim), na dai hilo hubaki hata kontena likiundwa upya mara nyingi kiasi gani.

Kwa seva tatu ninakushauri utumie Longhorn, programu huria ya hifadhi iliyoanzishwa na kampuni ya Rancher Labs na ambayo tangu 2019 ni mradi wa CNCF, taasisi inayolea programu huria kama Kubernetes. Hutumia diski mlizo nazo, na isipoelekezwa vinginevyo huweka nakala 3 za kila voliumu kwenye seva tofauti. Hakikisha kwanza kwamba kila seva ina open-iscsi, programu ya kuunganisha diski kupitia mtandao, maana bila hiyo voliumu haziunganiki. Ceph, mfumo mwingine huria wa hifadhi, ikisimamiwa ndani ya Kubernetes kwa programu ya Rook, ni imara mno, lakini hudai kumbukumbu (RAM) na utaalamu mwingi, nami sioni kwa nini ofisi ndogo ijitwike mzigo huo.

Nakala hizo 3, hata hivyo, si akiba. Karani akifuta jedwali kwa bahati mbaya, litafutika kwenye seva zote papo hapo. Kwa hiyo panga Longhorn ipeleke nakala ya akiba kila usiku kwenye hifadhi ya NFS (faili za pamoja mtandaoni) au S3 (hifadhi ya wingu) iliyo nje ya jengo lenu, uongeze na ile ya pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata, kisha ujaribu kuzirejesha kabla hamjapatwa na dharura.

Kagua pia reclaimPolicy, mpangilio unaoamua voliumu ifanywe nini dai lake likifutwa. Kwa voliumu zinazoundwa zenyewe, kawaida yake ni Delete, yaani anayefuta dai hufuta na data iliyomo. Kwa hifadhidata iwe Retain, yaani data ibakizwe. Kwa voliumu ambayo tayari ipo, badilisha mpangilio huo kwenye voliumu hiyo yenyewe, kwa sababu kurekebisha StorageClass, kiolezo cha kuundia voliumu mpya, hakuigusi.