Dada, usiende mstarini kesho

Umeandika kesho unakwenda shuleni kuwakomesha mstarini watoto wanaomcheka binti yako. Hiyo safari futa. Salamu baadaye.

Binti yako ana miaka sita, ana kigugumizi, wenzake wanamwigiza. Wangu wa kiume naye alikuwa darasa la kwanza, wakimwita Redio Mbovu. Kwenye grupu letu la wazazi kulikuwa na mama mmoja anayejiita mshauri wa malezi, kila jambo ana jibu, tena kwa sauti ndefu isiyoisha. Akaniambia: "Nenda kawanyooshe, dawa ya watoto fimbo." Nami huyoo, nimevaa kitenge cha sherehe utadhani naenda kupokea mahari. Nikataja majina mbele ya shule nzima, watoto wa watu wakala viboko, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Redio Mbovu likaisha siku hiyo hiyo. Likaja Mama Atakuja. Mpira ukimfikia, wanakaa mbali: "Msimguse, mama atakuja!" Mtoto akaanza kuificha sauti. Asubuhi mwalimu akiita mahudhurio, "nipo" inamkwama, basi ananyoosha kidole tu. Darasa limefurika, kidole hakionekani, anaandikwa hayupo. Nikaitwa kujibu kesi ya utoro wa mtoto niliyemfikisha getini mwenyewe! Mshauri wetu nilipomweleza, akanitumia emoji ya maombi. Mungu anamwona.

Usimtetee mtoto mbele ya wenzake. Basi. Mwone mwalimu wa darasa peke yake, vipindi vikiisha. Mwalimu wa mwanangu nilimwomba kwenye mahudhurio kidole kitoshe, na kusoma kwa sauti wasome wawili wawili, maana wengi wenye kigugumizi wakisoma pamoja na mwenzao maneno yanatiririka. Nyumbani mimi nikajifanya mchokozi, mwanangu anajibu: "Ndiyo, nina kigugumizi. Subiri nimalize." Mwanzoni alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Na nyie wakubwa acheni kummalizia maneno, acheni na ile "vuta pumzi, anza upya". Anajua mnasikiliza kigugumizi, si habari anayowaambia.

Aliyekushauri hapo juu umhamishe shule, muulize kigugumizi atakiacha wapi. Huko aendako hana hata rafiki mmoja wa kuanzia.

Namba ya mwalimu wa darasa unayo?