Rana wa Porbandar na Watu Wake

SWALI: Bwana Mhariri, katika duka moja la zamani hapa Jinja kumetundikwa picha ya mtu aliyevaa kilemba na mikufu ya lulu. Mzee mwenye duka huniambia kwamba huyo ni Rana wa Porbandar, na kwamba babu yake alipoingia Uganda alikuwa mtu wa Rana, si raia wa Mwingereza. Je, Wahindi nao walikuwa na wafalme kama Kabaka wa Buganda? – Msomaji, Jinja.

JIBU: Mzee huyo amesema kweli, ndugu msomaji. Waingereza hawakuitawala India yote wenyewe. Kiasi cha sehemu mbili katika tano za ardhi yake kilikuwa mikononi mwa falme zaidi ya 550, nyingine zikiwa na vijiji vichache tu. Porbandar, iliyo kwenye pwani ya Kathiawar, rasi ya magharibi mwa India, ilikuwa ya ukoo wa Jethwa, na mfalme wake aliitwa Rana. Rana alikuwa na mahakama, polisi na ushuru wake, lakini mambo ya vita na ya nchi za nje yalikuwa ya Waingereza, ambao mwakilishi wao alikaa katika mji wa Rajkot. Anayeujua Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, kati ya Waingereza na ufalme wa Kabaka, ataona mara moja jinsi mipango hiyo inavyofanana. Hata kisheria, mtu wa Rana na mtu wa Kabaka walihesabiwa sawa: wote wawili walikuwa watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza, wala si raia wake.

Aliyeendesha serikali ya Rana aliitwa diwani, nasi tungemlinganisha na Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka. Uttamchand Gandhi, babu yake Mahatma, alishika cheo hicho mpaka fitina za ikulu zikamkimbiza Junagadh, ufalme mwingine wa Kathiawar. Huko alimsalimu Nawabu, mtawala wa huko, kwa mkono wa kushoto, na alipoulizwa sababu ya utovu huo wa adabu, alijibu kwamba mkono wa kulia alikwisha kuuweka rehani kwa Porbandar. Kwangu mimi, jibu hilo linaeleza utii wa watu wale kuliko mkataba wowote.

Rana wa mwisho, Natwarsinhji, alirithi kiti mwaka 1908 akiwa mtoto. Mwaka 1932 aliongoza timu ya kriketi ya India katika ziara ya Uingereza, lakini katika mechi kuu kwenye uwanja wa Lord's, London, alimwachia mchezaji mwenzake C. K. Nayudu unahodha, jambo la heshima kwa mfalme. Mwaka 1948 ufalme wake uliunganishwa na falme nyingine za Kathiawar ndani ya India huru, na mwaka 1971 serikali ikafuta posho na vyeo vya wafalme wote. Hapa kwetu falme zilifutwa mwaka 1967, na nyingi zikarudishwa kuanzia mwaka 1993; za India hazikurudishwa.

Hata hivyo, uhusiano na Uganda ulidumu: Nanji Kalidas Mehta, aliyetoka upande huo na kuanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi mwaka 1924, ndiye aliyegharimia Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu lililo ubavuni mwa nyumba alimozaliwa Gandhi mjini Porbandar.