Jibu: Mpini wa kisu cha marehemu babu, uchorwe kwa leza?

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa Malindi. Umeuliza kama uagize vibao vya mpingo, vile viwili vya kufunika mpini wa kisu, vichorwe kwa leza jina la babu kwa herufi za Kiarabu. Mpingo nakusihi uuache. Leza huchoma mbao, na alama yake ni ile rangi ya kuungua. Juu ya mti mweusi haitaonekana vizuri. Chukua mbambakofi au msaji, herufi zitasimama.

Kabla ya kulipa, toa vibao vya zamani, lalisha kisu juu ya karatasi, zungusha penseli kwenye msuka, yaani mkia wa chuma unaokaa ndani ya mpini, na matundu ya misumari, uandike vipimo kwa milimita. Picha ya simu haitoshi. Andika pia "kulia" na "kushoto". Mimi hapa Lamu nililetewa vibao viwili vya upande mmoja, mbao nzuri kabisa, na havikunifaa kitu.

La nukta ndilo linaloniuma zaidi. Jina la babu yako lina P, yaani nukta tatu chini, na zikichorwa ndogo huungana zikawa doa moja. Hapo msomaji ataona B, yenye nukta moja chini. Omba wachore kwanza kwenye kipande cha mabaki, ukitazame kwa macho yako.

Msasa wa mwisho upigwe kabla ya leza, mafuta baadaye. Masizi yatoe kwa mswaki mkavu, taratibu.

Ukiwa na nafasi, muulize pia fundi wa nakshi wa mkono. Kwa kisu cha babu, mimi ningekwenda kwake.