Bweni la msingi linamwandaa mtoto kwa sekondari pale tu matroni anapojua kuachia

Dada yetu wa Kasulu ameuliza: binti yake ameingia darasa la tano mwaka huu wa 2026, na anafikiria kumleta bweni huku Tabora ili akifika kidato cha kwanza asianze kulia na kuhangaika. Anataka kujua kama bweni la shule ya msingi linasaidia kweli au ni ada tu. Najibu kwa urefu kwa sababu kazi yangu ni ulezi wa bweni la darasa la tano kwenda juu, na swali hili wazazi wengi huliuliza wakiwa wameshalipa.

Linasaidia, kwa sharti moja. Bweni zuri humwachia mtoto kazi zake kidogo kidogo, hadi muhula wa mwisho matroni anabaki kuangalia tu. Bweni linalomfanyia kila kitu mpaka siku ya mtihani wa taifa humtoa mtoto mwenye alama nzuri anayekwama Februari ya kidato cha kwanza.

Anza na hesabu ya miaka, maana inawachanganya wengi. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo darasa la tano ndio mlango. Halafu wale waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, akiwemo binti yako, ndio kundi la kwanza la mtaala mpya litakalomaliza msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Waliowatangulia wanamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 kidato cha kwanza kinatarajiwa kupokea makundi mawili kwa mpigo. Kwako maana yake ni kwamba una mihula minne tu ya maandalizi, na huko mbele tarajia foleni ndefu za maji, za chakula na za mwalimu. Wazee wetu waliosoma zile shule za kati, darasa la tano hadi la nane, walikuwa na miaka minne ya kuzoea. Mwalimu Nyerere alianza bweni Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaja sekondari hapa Tabora 1937. Alipofika, kukaa mbali na nyumbani hakukuwa jambo geni kwake.

Sasa kazi zenyewe. Ya kwanza ni maji na nguo, na hapa ndipo njuka, yaani mwanafunzi mgeni, wa kidato cha kwanza hupoteza muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Mnunulie ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, na mtoto wa miaka 11 hawezi kuitoa bombani hadi bwenini. Ataiburuta, itamwagika, atachelewa mstarini. Achote jioni, aifunike, aiandike jina ubavuni na siyo kwenye mfuniko, kwa sababu mfuniko ndio unaobadilishwa. Lita 10 zinatosha kuoga asubuhi na kupiga mswaki akitumia kopo, na zinabaki za kunawa. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho kipimo: anayeweza kujipangia ndoo moja wakati huo hatasumbuliwa na bweni lolote nchini.

Nguo afue mara mbili kwa wiki, Jumatano sare moja na Jumamosi vyote vilivyobaki. Aanze kola, makwapa na pindo, ndipo aloweke. Mche mmoja wa sabuni ukatwe vipande 8 na kila wiki atumie kimoja; akimaliza kabla ya wiki kuisha anajua mwenyewe kwamba amepoteza au amegawa. Kosa kubwa ni kukunja nguo zikiwa na unyevu na kuzifungia kwenye tranka. Masika zinaota ukungu ndani ya siku chache, na mtoto anapata fangasi. Wasichana wana kosa lao: kuanika chupi chini ya godoro kwa sababu ya aibu. Hazikauki, hazipati jua, na muwasho hauishi. Matroni anayejali hutenga kamba ya uani yenye pazia, wasichana wanaanika juani bila kuonekana. Ukienda kutembelea shule, ulizia kamba hiyo.

Upele nao uko kwenye mabweni mengi. Unakuja kwa kulala wawili kitanda kimoja na kuazimana shuka na taulo. Ukimpaka dawa mmoja, utarudi. Wote wa chumba hupakwa siku ileile, mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, na asubuhi shuka na nguo za kulalia zinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mtoto akijifunza tu kwamba shuka haiazimwi, ameshavuka nusu ya tatizo.

Tranka lake libandikwe orodha ya vitu ndani ya mfuniko: shuka jozi 2, chandarua, taulo 2, sare, raba, ndala, sahani na bakuli, kikombe, kijiko, mkebe, madaftari, dawa ya viatu. Kila Jumapili anahesabu mwenyewe huku matroni akipita. Muhula wa kwanza matroni anahesabu naye, wa pili anamsimamia, wa tatu anauliza tu, wa nne hamuulizi. Kufuli liwe na funguo mbili, moja shingoni kwa mtoto na nyingine kwa matroni. Fedha ziende hivyohivyo. Anza na 2,000 kwa wiki kutoka mkononi mwa matroni, na daftari dogo la kuandika alichonunua. Darasa la sita apewe ya wiki mbili, kisha ya mwezi. Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hupewa ya muhula mzima mara moja, nayo huishia kwenye maandazi kabla ya wiki ya tatu.

Nakuja kwenye kusoma, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo mabweni mengi ya msingi yanawadanganya wazazi bila kukusudia. Prepo, yaani muda wa kujisomea usiku, kwenye bweni la msingi mara nyingi ni kipindi kingine cha darasani. Mwalimu anaandika maswali ya mitihani iliyopita ubaoni, watoto wanajibu, anasahihisha, wanalala. Kila usiku hivyo. Alama zinapanda, kwa kuwa mtihani wa kumaliza msingi una maswali mengi ya kuchagua herufi na yanafanana mwaka hadi mwaka. Kisha mtoto anafika sekondari, saa 1 usiku anakaa darasani na wenzake 60, kuna kiranja mlangoni, na hakuna swali lolote ubaoni. Masaa mawili ni yake. Hajawahi kupewa masaa mawili yake. Utamkuta ananakili noti upya kwa kalamu ya rangi, au amelala juu ya daftari, na wewe ripoti ya Juni ikija utasema bangi au marafiki.

Kwa hiyo, darasa la sita, prepo mbili za wiki ziwe hazina mwalimu wa kufundisha, awepo wa kutunza utulivu tu. Kabla ya kengele mtoto aandike kwenye karatasi masomo matatu atakayosoma, dakika 40 kila moja, la kwanza likiwa lile analoliogopa, maana saa 1 usiku akili bado iko macho. Katika kila dakika 40, dakika 20 anasoma, anafunga daftari, dakika 10 anaandika anachokumbuka kwa maneno yake, kisha anafungua na kujaza alichosahau kwa kalamu ya rangi nyingine. Kile cha rangi nyingine ndicho anachorudia kesho. Wiki mbili za mwanzo wanachezacheza na kelele zinakuwepo, na walimu wengi hukata tamaa hapo na kurudi ubaoni. Wiki ya nne wanatulia.

Noti ni jambo jingine. Msingi watoto wananakili ubao. Sekondari mwalimu anaeleza na kuondoka. Zoezi zuri ni mwalimu kuzungumza dakika 10 bila kuandika kitu, kisha kila mtoto aandike hoja 5. Mara ya kwanza utaona hoja mbili na mchoro wa nyumba. Hisabati nayo ifanywe kwa kuonyesha hatua zote hata pale jibu ni herufi tu, kwa sababu sekondari jibu lisilo na njia linakosa alama.

Kiingereza. Kama shule yake inafundisha kwa Kiswahili, basi Januari 2028 Biolojia, Fizikia na Historia ya dunia vyote vitageuka lugha siku moja, na kozi ya wiki chache anayopewa njuka haitoshi. Daftari la maneno lianze leo: maneno 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni 30, kwa wiki 36 za masomo ni zaidi ya 1,000. Yachukuliwe kutoka kwenye masomo anayoyajua tayari kwa Kiswahili, kama uvukizi, mizizi, ikweta, sehemu na desimali. Kila neno liandikiwe sentensi yake mwenyewe. Neno lisilo na sentensi husahaulika ndani ya wiki. Na usidhani shule inayofundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo imemaliza kazi. Watoto wa huko wanaongea vizuri lakini wengi hawawezi kuandika aya moja iliyonyooka, kwa sababu nao wamezoea kuchagua herufi.

Afya. Tabora na Kigoma tuna malaria nyingi, nawe unalijua hilo. Chandarua kifungwe kwa kamba zake mwenyewe na mtoto ajue kukichomekea chini ya godoro. Dawa mseto ya malaria ni dozi 6 ndani ya siku 3: ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Watoto huacha siku ya pili homa ikishuka, na ugonjwa unarudi wakati wa mitihani. Bwenini matroni anasimama hadi kimezwe. Sekondari anapewa karatasi ya vidonge na kurudi darasani. Kwa hiyo darasa la sita ajifunze kuweka alama kwenye karatasi kila anapomeza. Ajifunze pia kueleza ugonjwa: umeanza lini, unauma wapi, umetapika au kuhara mara ngapi. Nyumbani mama huona macho tu akajua. Kule hakuna anayeyajua macho yake.

Kama ana pumu, selimundu, kifafa au bado anakojoa kitandani, usifiche kwenye fomu ya afya ukiogopa atakataliwa. La kukojoa hasa. Mtoto anayelificha huacha kunywa maji mchana kutwa, anapata maambukizi ya njia ya mkojo, na siku wenzake wakigundua ndiyo mwanzo wa kuomba arudi nyumbani. Mwambie matroni faraghani. Mtoto anakunywa maji vizuri mchana, anapunguza baada ya chakula cha jioni, anakwenda chooni kabla ya taa kuzimwa, na anaamshwa saa 5 usiku kimyakimya. Mpe nailoni ya godoro na shuka la tatu.

Hedhi mara nyingi huanza miaka hiihii. Usisubiri shule imweleze. Aje na pakiti 2 za pedi hata kama bado, na ajue kubadilisha kila baada ya masaa 4 hadi 6.

Sasa kile ambacho bweni halimfundishi. Halimfundishi kupika, kwenda sokoni, wala kukaa na fedha ya chakula. Na lazima niseme wazi: shule za vipaji maalumu kama Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, za ufundi, na za bweni kitaifa huchukua wachache. Wengi hupangiwa shule za kata za kutwa, na walio mbali huishia kupanga geto, yaani chumba cha kujitegemea, karibu na shule. Mtoto aliyezoea kengele na sahani iliyopakuliwa huteseka geto kuliko yule aliyekaa nyumbani akipika ugali na dagaa. Likizo basi ziwe za jiko: apike kwa siku 3 mfululizo kwa bajeti uliyompa, na usimsahihishe mpaka amalize.

Kuhusu kumleta Tabora, fikiria umbali. Kutoka Kasulu, akiugua usiku huwezi kufika kabla ya kesho yake mchana, na masika huenda ikawa kesho kutwa. Kama kuna bweni zuri Kasulu au Kigoma mjini, mimi ningeanza huko. Ukija kukagua, usije siku ya wazazi. Njoo Jumatano jioni ukae hadi prepo. Hesabu vyoo: mwongozo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Angalia kama bweni lina milango miwili inayofunguka kutoka ndani, na kama madirisha yote yamezibwa kwa nondo bila hata moja la kutokea moto ukizuka. Uliza nani wa kike analala ndani ya jengo la wasichana. Kisha mwombe matroni akutajie mambo matatu ambayo darasa la sita wanajifanyia wenyewe na darasa la tano bado. Akisita, au akikuambia kwa fahari kwamba hapo watoto wanafanyiwa kila kitu, shukuru, panda gari.

Akishaanza, usimpigie kila siku wiki mbili za kwanza. Mpigie Jumapili, muda uleule, na umuulize swali linalohitaji jibu refu: ndoo yako umeiweka wapi, jana prepo ulianza na somo gani. Ukimuuliza kama analia, atalia.